Boke wa Nyamwaga, Mama Aliyekaa Kati ya Mwanawe na Wajukuu Wake

Mama tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 20 Septemba 2025, hapa Nyamwaga, alibatizwa Philomena, lakini wengi wenu mlimwita Boke, au Mama Nashoni. Wasifu wake unasomwa na Elieth, binti yake, kwa sababu aliagiza hivyo mwenyewe. Aliagiza na jambo jingine. Mwezi wa sita, akiwa kitandani, alimwambia Elieth: "Siku hiyo msinifanye malaika. Mtu akisemwa vizuri mno, watu wanajua kuna kitu kimefichwa. Semeni na ya Mogesi. Tarime nzima inayajua, ila kila mtu anayajua kivyake." Mogesi, ambaye ndiye mtoto wake wa mwisho, alisomewa maneno haya juzi kabla hayajachapwa, akasema yasomwe.

Philomena Boke Heche alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953 katika kijiji cha Nyarero, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Heche na mkewe Nyamhanga. Alilelewa kwa jembe na ng'ombe kama watoto wa wakati ule. Alisoma shule ya msingi hukohuko Nyarero, akaishia darasa la nne mwaka 1966, si kwa sababu alishindwa. Kaka yake alikuwa anakaribia umri wa kuoa na ukoo ulikuwa umeshaanza kumtazama Boke kwa jicho la mahari. Hesabu alizipenda, na kusoma alisoma kila kilichoandikwa, hata karatasi iliyofungia sukari. Alibatizwa mwaka 1969 baada ya kufundishwa katekisimu na katekista aliyekuwa akija kwa baiskeli kila Alhamisi, na tangu siku hiyo hadi alipougua hakuwahi kuchelewa misa. Waliochelewa aliwageukia, akawatazama mpaka wakae.

Mwaka 1972 aliolewa na Mzee Waitara Mogesi wa hapa Nyamwaga. Walijaliwa watoto watano. Wawili walitangulia wakiwa wachanga, wakabaki Nashoni, Elieth na Mogesi. Mzee Waitara alikuwa mtu wa kazi na mtu wa watu. Alikuwa pia mtu wa mkono mwepesi, na hili marehemu alitaka lisemwe. Mwaka 1980 alipigwa hadi jino likatoka. Akamfunga Elieth mgongoni akiwa bado ananyonya, akatembea kwa miguu hadi Nyarero kwa wazazi wake. Baba yake alimpa chakula, akamwacha alale, na asubuhi akamrudisha yeye mwenyewe. Waliongozana mpaka walipokaribia nyumbani kwa mume. Hapo mzee akasimama akamwambia, "Mwanangu, ng'ombe wako wamekwisha kuoa mke wa kaka yako. Nikikuweka kwangu, yule naye itabidi arudi kwao na watoto wake. Vumilia." Marehemu alisema hakumkasirikia baba yake. Alisema alimwona amesimama pale barabarani amekuwa mdogo.

Mzee Waitara alifariki mwaka 2006. Marehemu alimlilia kwa machozi ya kweli, akamvalia nguo za msiba kwa muda wote unaotakiwa. Alipoulizwa na Elieth kama mzee alikuwa amebadilika, alijibu, "Alizeeka. Mkono ulichoka kabla ya moyo." Kisha akaenda kumpalilia kaburi.

Kazi yake maisha yote ilikuwa shamba. Alilima mahindi, ulezi na migomba, akafuga ng'ombe wachache wa maziwa, na siku za mnada alipeleka ndizi mbivu Tarime mjini. Wateja wake wa Bomani wanamkumbuka kwa sheria moja: ndizi haibonyezwi kabla haijalipiwa. Siku moja bwana mmoja aliyevaa tai, mgeni pale mjini, aliibonyeza moja, akaibonyeza ya pili, na alipogusa ya tatu marehemu akafunika beseni lote kwa kanga. "Baba," akamwambia, "hizi si mtoto mgonjwa, unampima joto." Bwana yule akacheka, akanunua chana nzima, na kwa miaka mingi akawa hanunui ndizi kwa mtu mwingine.

Kuanzia mwaka 2008 hadi 2014 alikuwa mjumbe wa baraza la kata. Pale walikuja wanawake wengi wenye macho yaliyovimba, na marehemu alisema wazi kwamba aliwarudisha wengi. "Nilikuwa nasema vumilia," alimwambia Elieth, "kwa sababu ndilo neno nililopewa mimi. Sikuwa na jingine mfukoni." Haya aliyasema baada ya jambo la Jumapili ya Matawi.

Mogesi alikuwa amemwoa Agness, binti wa Mugumu, wilaya ya Serengeti. Ndoa yao ilifungwa kanisani tarehe 20 Agosti 2011. Walijenga nyumba mbele kidogo ya nyumba ya marehemu, katikati pakiwa na migomba tu, wakapata watoto wawili, Nyangi mwaka 2013 na Emanueli mwaka 2016. Mogesi alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki hapa senta. Alianza kunywa, na alipokunywa alirudi na mkono wa baba yake. Marehemu alikuwa akisikia. Alikuwa akipita asubuhi kumsalimia Agness, akiona kitambaa kimefungwa kichwani hadi kwenye nyusi, akisema maneno ya kawaida ya mvua na mahindi, akirudi kwake.

Tarehe 14 Aprili 2019, Jumapili ya Matawi, watu wakiwa wametoka kanisani, Nyangi alipita katikati ya migomba akikimbia, bado ameshika tawi lake mkononi. Alikuwa na miaka sita. Hakulia. Alisema tu, "Bibi, njoo, mama hasimami."

Marehemu aliacha ugali jikoni, akaenda. Alimkuta Agness sakafuni, mkono umevunjika juu ya kiwiko, na Mogesi amesimama juu yake ameshika mchi. Marehemu alikuwa na miaka sitini na mitano na ufupi wake mnaujua. Aliingia, akakaa chini pale sakafuni, akakilaza kichwa cha Agness kwenye mapaja yake, akamtazama mwanawe.

"Haya," akasema. "Mimi nipo hapa. Endelea."

Mogesi aliutupa mchi, akatoka.

Marehemu hakupeleka habari kwa wazee wa ukoo kwanza, kama ilivyozoeleka. Aliita gari, akampeleka Agness hospitali, na kesho yake asubuhi akaenda naye polisi Tarime, kwenye dawati la jinsia na watoto. Agness alikuwa anaogopa kusema. Akamwambia, "Mama, nikisema, watanirudisha kwetu na watoto watabaki huku. Ng'ombe walitolewa." Marehemu akamjibu, "Ng'ombe walitolewa kwa ajili ya mke, mwanangu. Hawakutolewa kwa ajili ya mkono uliovunjika. Sema wewe, na usipoweza nitasema mimi."

Wote wawili walisema.

Wiki hiyohiyo wazee walimwita kwenye ritongo, kikao cha ukoo. Mzee Nchagwa, shemeji yake, ambaye yuko hapa nasi leo na ameridhia haya yasomwe, ndiye aliyeongea. "Mke wa ndugu yangu," alisema, "moto wa nyumba unazimwa na wa ndani. Wewe umekwenda kuita watu wa nje."

Marehemu alikuwa ameketi na kanga yake mapajani. "Shemeji," akasema, "nyumba ilikuwa inaungua na watoto wamo. Ningewaita walio karibu. Walio karibu walikuwa wamekaa wanasikia. Na mimi nilikuwa mmoja wao."

Kikao kiliisha bila kukubaliana. Kwa zaidi ya mwaka, baadhi ya ndugu hawakuingia kwake kunywa hata maji.

Mahakamani alitoa ushahidi dhidi ya mtoto aliyemzaa. Hakimu alimwuliza kama anamfahamu vizuri mshtakiwa. Akajibu, "Namfahamu, nilimzaa mimi. Ndiyo maana nimekuja. Mgeni angeweza kukosea." Wakati anasema hivyo hakumwangalia Mogesi. Alipotoka nje alishikwa mkono na Elieth, akakaa kwenye ngazi na watu wanapita. Mogesi alipatikana na hatia, akatumikia kifungo cha miezi sita. Marehemu alikwenda kumwona gerezani kila mara iliporuhusiwa. Safari za mwanzo Mogesi alikataa kutoka. Mama alirudi na sufuria yake ya makande, na safari iliyofuata akapika tena.

Agness hakurudi kwenye nyumba ile. Alikwenda kwao Mugumu na watoto, akaanza kupika chai na maandazi, akafungua shauri. Mwaka 2020 mahakama iliivunja ndoa. Iliamua watoto wakae na mama yao, na ikatoa amri kwamba Mogesi asimkaribie Agness, wala anapoishi, wala anapofanyia biashara. Mogesi naye aliomba aruhusiwe kuwaona watoto wake, na hiyo nayo ni haki, ya baba na ya watoto wenyewe. Swali likawa: atawaonea wapi? Agness hakuwanyima watoto baba. Hofu yake ilikuwa kwamba njia ya kuwafikia watoto ndiyo ingekuwa njia ya kumfikia yeye.

Afisa ustawi wa jamii aliyepewa jambo hilo, Bi Kuruthumu wa pale Bomani, alimhoji kila mmoja peke yake. Alimwuliza Agness ni nyumba ya nani anayoweza kuiamini. Agness akasema, "Ya mama mkwe." Akamwuliza Mogesi vilevile. Mogesi akasema, "Mama yangu amenifunga. Lakini watoto wangu hawezi kuwadanganya." Bi Kuruthumu amesema baadaye kwamba katika kazi yake hajawahi kuona wawili waliotengana hivyo wakataja mlango mmoja.

Basi ukawa utaratibu. Mogesi alihamia Tarime mjini, akapanga karibu na kaka yake Nashoni. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, Agness alikuja na watoto kutoka Mugumu, akashukia dukani kwa Elieth hapa senta, akabaki hapo. Elieth aliwaleta watoto kwa bibi yao. Wakishafika ndipo Mogesi aliporuhusiwa kupanda gari kutoka mjini, naye aliingia kwa njia ya chini isiyopita senta. Ilipofika saa tisa aliondoka yeye kwanza. Watoto hawakusogea mpaka Nashoni apige simu kusema mdogo wake amefika mjini. Na muda wote huo marehemu alikaa palepale walipo. Hakwenda shamba, hakwenda hata jikoni, na majirani waliokuja kupiga soga aliwaambia warudi Jumapili.

Siku ya kwanza ilikuwa tarehe 25 Julai 2020. Emanueli, aliyekuwa na miaka minne, alimwendea baba yake akiwa na haya, akapewa biskuti. Nyangi alijifungia jikoni.

"Mwambie atoke," Mogesi akasema. "Mimi ni baba yake."

"Anajua," marehemu akajibu. "Wewe kaa."

"Nimetoka mjini, mama. Nimesubiri mwaka mzima."

"Na yeye ametoka mbali kuliko wewe. Kaa."

Mogesi alikaa hadi saa tisa, akaondoka bila kumwona binti yake. Mwezi uliofuata ilikuwa hivyohivyo. Katika ziara ya tatu marehemu alileta gunia la mahindi ya kupukuchua, akalimwaga uani, akaanza kupukuchua. Mogesi akaanza naye. Emanueli akawa anacheza na magunzi. Mlango wa jikoni ulifunguka kidogo, halafu zaidi, na Nyangi akatoka, akakaa nyuma ya mgongo wa bibi yake, akachukua muhindi. Hakuongea na baba yake siku hiyo. Lakini alipukuchua, na baba yake, aliyekuwa ameinamisha kichwa, mahindi yake yalikuwa yanaanguka nje ya ungo.

Si kila Jumamosi ilikuwa njema. Kuna siku Mogesi alifika ananuka pombe, na marehemu alimzuia langoni watu wakiona, akamwambia arudi mwezi ujao. Mogesi alipiga kelele, kisha akaondoka. Marehemu aliwaambia wajukuu kwamba baba yao hakuwa mzima siku hiyo, jambo ambalo lilikuwa kweli, akawapa chakula. Yeye hakula.

Siku iliyokuwa ngumu kuliko zote ni tarehe 28 Mei 2022. Wakati huo Mogesi alikuwa amekaa vizuri kwa muda mrefu, na wote walianza kupumua. Alikuwa amempakata Emanueli, akamwuliza kwa sauti ya kawaida, "Ukitoka shule, unapita wapi mpaka kufika kwenu?"

Mtoto akaanza, "Tunapita kwa fundi baiskeli, halafu..."

"Emanueli," marehemu akamkatiza. "Nenda na dada yako mkamwangalie ndama kama amemaliza maji."

Watoto walipokwenda, akamgeukia mwanawe. "Hilo swali si la mtoto."

"Nauliza tu, mama. Mtoto ni wangu. Nisijue anakoishi?"

"Anakoishi yeye ndiko anakoishi mama yake. Mahakama ilisema nini?"

"Mama," Mogesi akasema, na sauti ilikuwa imebadilika, "wewe hasa uko upande gani?"

"Upande wa wale wafupi," akajibu.

Jumatatu alipanda gari la asubuhi hadi Bomani. Alimweleza Bi Kuruthumu neno kwa neno. Bi Kuruthumu aliweka kalamu chini. "Mama," alimwambia, "unajua nikilipeleka hili, hataruhusiwa kuwaona watoto kwa muda. Na wewe hutawaona hapo kwako."

"Najua."

"Unaweza kwenda nyumbani ukafikiri kwanza."

"Nimefikiri tangu juzi, mwanangu. Andika." Halafu akaomba maji ya kunywa, akakaa pale ofisini mpaka yote yakaandikwa.

Ziara zilisimamishwa. Agness alihama nyumba, na Mogesi alitakiwa kuhudhuria ushauri nasaha kabla ya kuomba tena. Kwa miezi hiyo yote hakumpigia mama yake simu. Krismasi ilifika. Marehemu alipika, akapakua sahani ya Mogesi kama kila mwaka, akaifunika. Ilipofika jioni akampelekea jirani.

Mwezi Januari 2023, siku ya kazi, Mogesi alikuja peke yake bila taarifa. Alimsalimia, akaona ua umeanguka upande wa migomba, akavua shati akaanza kuutengeneza. Marehemu alimwacha. Alipomaliza kufunga fito ya mwisho alikuja akakaa chini, karibu na miguu ya mama yake, na Elieth aliyekuwa anateka maji aliyasikia maneno yao.

"Nilitaka kwenda kule," Mogesi alisema. "Siku ile. Nilikuwa nataka kujua nyumba ili niende. Nilijiambia naenda kuomba msamaha. Lakini sikuwa najua nikifika nitafanya nini."

"Na mimi sikuwa najua," marehemu akasema. "Ndiyo maana nilikwenda Bomani."

Walikaa hapo mpaka ng'ombe waliporudi. Tangu siku hiyo Mogesi hajaonja pombe, na hili analisema mwenyewe bila kujisifu, kwa sababu, anasema, kesho haijafika. Ziara zilirudishwa mwezi Aprili. Kuna ndugu waliomwendea marehemu wakamwambia kwamba sasa kijana ametulia, amshauri Agness arudi, watoto wapate nyumba moja. Marehemu alikataa. Alisema, "Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Siwezi kumrudisha mwenyewe. Mogesi akitulia, atulie kwa ajili ya watoto wake, si kwa ajili ya kulipwa mke." Agness hakurudi, na familia hii haimdai.

Marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu miaka mingi iliyopita. Tarehe 11 Novemba 2024 alipatwa na kiharusi akiwa shambani. Alitibiwa Tarime, kisha akapelekwa Mwanza, akarudi nyumbani kabla ya Krismasi upande wa kulia ukiwa mzito na ulimi ukiwa mgumu. Bi Kuruthumu alikuja kumjulia hali, na pia kuangalia kama bado ataweza kukaa na watoto siku za ziara. Alimwuliza kwa upole. Marehemu alitumia muda kuyatafuta maneno, akayapata: "Macho yanaona." Aliendelea hadi Mei mwaka huu. Kisha akaomba mwenyewe Elieth apewe nafasi ile, akamfundisha kila kitu, hata namna ya kumtuma mtoto kwa ndama bila kumtisha.

Katika ugonjwa huu Agness alikuja kumwogesha na kumlisha kila alipopata nafasi, siku za katikati ya wiki, na siku hizo Mogesi aliambiwa asije, naye hakuja. Mwezi Agosti Agness alimwambia, "Mama, siku ukiitwa, nitakuaga hapahapa kitandani. Kwenye mazishi sitakuja, nisilete shida kwa watu." Marehemu alimshika kwa mkono ule mzima. "Utakuja," alisema. "Mchana. Na watoto wako. Atakayesogea ni yeye." Kesho yake akamwita Mogesi, akamwambia maneno hayohayo. Mogesi ni kitinda mimba, na mnajua nafasi ya kitinda mimba kwenye kaburi la mama yake, kwamba ndiye anayelisimamia tangu kuchimbwa hadi kufukiwa. Alisema, "Sawa, mama."

Jumatano tarehe 17 Septemba 2025, saa nne asubuhi, Philomena Boke alifariki dunia nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Elieth alikuwa anamnywesha uji. Alimeza kijiko, akageuza uso kuelekea dirishani, na pumzi ikaisha bila vurugu.

Familia ilimpigia simu Bi Kuruthumu kuuliza amri ya mahakama inasemaje kwenye msiba. Alijibu kwamba amri haina likizo, lakini watu wazima wenye nia njema wanaweza kugawana uwanja. Kwa hiyo mnavyoona leo ndivyo tulivyokubaliana: Agness na watoto na ndugu zake kutoka Mugumu wako upande wa nyumba kubwa, na Mogesi yuko upande wa zizi pamoja na Nashoni na wajomba. Jana Mogesi alikuwa kaburini na vijana, akichimba tangu asubuhi. Ilipopigwa simu kwamba gari la Mugumu limevuka Mto Mara, aliweka jembe, akanawa mikono, akapita njia ya chini kwenda kwa Mzee Nchagwa, akalala huko. Hakuna aliyemwambia aondoke. Mzee Nchagwa alimpokea mlangoni, na ndiye aliyemaliza kuchimba kaburi la shemeji yake kwa niaba yake, pamoja na uzee wake.

Marehemu ameacha watoto watatu, Nashoni, Elieth na Mogesi. Mkwe wake Agness, ambaye marehemu mwenyewe aliagiza aitwe hivyo. Wajukuu tisa na vitukuu wawili. Shemeji yake Mzee Nchagwa. Na majirani wa Nyamwaga na Nyarero aliowagombeza na kuwalisha.

Baada ya watoto wa marehemu kuweka udongo, wajukuu wataweka mashada. Nyangi, ambaye sasa ana miaka kumi na miwili, jana jioni alimwendea mama yake akamwambia angependa kuweka shada la bibi akiwa na baba yake. Hakuna mtu mzima aliyemtuma. Agness alimwuliza mara moja tu kama ana uhakika, na Nyangi akasema anao. Kwa hiyo Agness atabaki alipoketi, Elieth atamsindikiza mtoto hadi upande wa zizi, na hao watatu watakwenda kaburini pamoja. Tunaomba wote mkae kimya, muwaachie nafasi ya kupita.

Mungu aliyempa Boke moyo huo ampokee nao. Ampumzishe kwa amani, na sisi atuachie amani ya kuishi nayo hapa nyumbani.